Maji ya Watoto

Nibia Olivera alijaliwa mama anayejua neno moja tu: hapana. Na nisikilizeni vizuri, maana mimi Walkiria sina subira ya kurudia maneno. Nimekaa na Nibia meza moja ya maabara hapa Montevideo miaka chungu nzima. Tumegombea hadubini, tumegombea friji, tumegombea dirisha lifunguliwe au lifungwe. Kwa hiyo ninachokisema nakijua.

Kwao ni Castillos, huko Rocha kwenye mitende na ng'ombe. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na dimbwi la mvua za baridi, ambalo kiangazi lilikauka mpaka ng'ombe wakalala ndani yake. Humo walikuwamo samaki wadogo wa urefu wa kidole gumba, madume yao yana mistari ya buluu inayong'aa. Maji yakikauka wanakufa wote, habaki hata mmoja, ila mayai yao yamefukiwa kwenye tope, yanasubiri mvua. Nibia alipokuwa mtoto aliwakamata kwa kopo na kuwaleta jikoni. Mama yake, Bi Ofelia, alilimwaga kopo uani. "Hapana! Nyumba hii si mto!" Kesho yake Nibia alilikuta kopo kwenye msumari wake, limeoshwa.

Alipotaka kusoma zaidi, hapana. Alipotaka kuja Montevideo, hapana mara mia. "Mji ule utakumeza, utarudi huna hata soksi." Siku ya kuondoka, bibi huyo alipanda naye basi, akambebea sanduku, na akamkataza njia nzima, toka Castillos mpaka kituo cha Tres Cruces. Abiria mmoja alichoka, akageuka akasema, "Mama, si umshushe tu mtoto mrudi nyumbani?" Bi Ofelia akamkata jicho. "Nani kakuuliza wewe? Mtoto anakwenda chuo kikuu!"

Nibia alinisimulia hayo wiki ya kwanza tulipojuana, huku amekunja uso. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. "Wewe hujakaa naye, Kiria," aliniambia. "Kazi yake duniani ni kunizuia."

Sasa niwaambie kazi yetu sisi, maana bila hiyo hamtauonja utamu wa mambo. Kila kiumbe chenye uti wa mgongo, mimi na wewe tukiwamo, kilianza kama kidonge cha seli ambazo hazijui ipi iwe nini. Kuna ishara inayozunguka humo na kuzipigia kelele: kuwa tumbo! kuwa ngozi! kuwa damu! Hiyo sisi tunaiita Mnene. Kutoka upande wa pili inakuja ishara nyingine, na hii, makubwa haya, haimwamrishi mtu kitu. Kazi yake ni kumkamata Mnene mkono kabla hajaifikia seli, na kumziba mdomo. Hiyo tunaiita Mama Mkwe. Pale Mnene alipozibwa mdomo, seli zinabaki na utulivu wao, na seli zilizoachwa na utulivu zinakuwa mgongo, zinakuwa uti, zinakuwa ubongo. Mmelisikia hilo? Ubongo wako wewe hapo ulitokea mahali ambapo kelele hazikufika! Mimi nilipofundishwa jambo hilo kwa mara ya kwanza nilisimama darasani nikapiga makofi peke yangu. Wenzangu walinicheka mwaka mzima, na sijali.

Halafu kuna wa tatu, tunamwita Mkasi. Huyu anamkata Mama Mkwe, na Mnene anakuwa huru tena. Basi, hao watatu wanatosha.

Mimi ni wa Mnene, kama nilivyo wa Peñarol kwenye mpira. Nibia ni wa Mama Mkwe, na wa Nacional, mahasimu wetu, maskini ya Mungu. Ugomvi wetu ulikuwa huu: ukimwondoa Mama Mkwe kabisa, kutatokea nini? Mgongo utapotea, hilo halina ubishi. Mimi nikasema, na tumbo litasherehekea. Hakuna wa kumzuia Mnene, basi atapiga kelele kila mahali kwa sauti kubwa kuliko zamani.

"Hapana," akasema Nibia, kidole juu. Hapana ile ile ya Castillos, ila mwenyewe hakujisikia. "Tumbo nalo litadhoofika. Pale mbali kabisa, ng'ambo ya mgongo, Mnene anapopaza sauti kuliko kote, patafifia."

"Patafifia kwa nini, na adui yake hayupo?"

"Kwa sababu pale Mnene hafiki mwenyewe. Anafikishwa. Mama Mkwe anamshika mkono, anamzuia njia nzima, lakini wanakwenda. Wakifika ng'ambo, Mkasi anamkata Mama Mkwe, na Mnene anaachiwa pale pale anapohitajika."

"Weee! Kwa nzi, sawa. Kwa chura, sawa, wameshaonyesha watu. Lakini kwa samaki wako hawa vichwa maji? Wanaosambaratika?"

Maana samaki wa Nibia si wa kawaida. Kwa viumbe wengine seli hukaa pamoja zikajipanga. Kwa hawa, seli kwanza zinatawanyika juu ya kiini cha yai kama watoto waliofunguliwa shule, kila moja na njia yake, na baadaye ndipo zinakusanyika tena na kuanza mwili. Nikamuuliza Nibia, katika vurugu hiyo Mama Mkwe amshike mkono nani, ampeleke wapi? Tukawekeana dau. Nikishindwa nitavaa fulana ya Nacional kutwa nzima, mbele ya watu. Akishindwa yeye, atavaa ya Peñarol. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba nilishamtafutia saizi.

Tatizo lilikuwa moja, na lilimtesa Nibia miaka. Mayai haya, seli zikishatawanyika, lolote linaweza kuamua kusimama. Linasimama tu. Halifi wala haliendi mbele, linapumzika wiki au mwezi, kwa sababu huko dimbwini halijui mvua itakuja lini. Jirani yake anaendelea na safari, mwingine kaishia katikati. Sasa utalinganishaje? Ni kama kupiga picha ya darasa wakati nusu ya watoto wako njiani. Kila alipojaribu, alipata viinitete vya kila umri, na mkuu wetu alitikisa kichwa.

Mkuu wetu anaitwa Darwin. Ndiyo, Darwin, msianze. Ni Profesa Darwin Etchegaray, mama yake alilipenda jina tu, na hapa kwetu kina Darwin wako wengi, wengine mafundi bomba. Ni mtu mpole. Mwaka ule alimwita Nibia, na mimi nikasikia kwa sababu mlango wake haufungi vizuri. "Nibia, binti yangu, mkataba wako unaisha baridi ikiisha. Nikiwa na kitu mkononi nitakwenda kukupigania huko juu. Nikiwa mikono mitupu, nitasema nini?" Nibia alitoka pale uso mweupe. Kaka yake Nelson ana duka la chakula cha mifugo Castillos, na alishamwekea kiti nyuma ya kaunta. Mwanamke aliyeziona seli zikitembea aende kupima pumba!

Na mwaka wenyewe ndio ule wa ukame. Kiangazi hicho Nelson alileta tingatinga akalichimba dimbwi liwe bwawa la kunyweshea ng'ombe. Simlaumu, ng'ombe walikuwa wanaanguka kwa kiu. Bi Ofelia alipiga simu. "Nelson anachimba dimbwi lako. Usije ukalia hapa, sina nafasi." Akakata. Nibia alilia pale pale kwenye meza yetu, juu ya makaratasi yangu.

Haikupita wiki, bibi yuko Tres Cruces, kapakata ndoo iliyokuwa ya dulce de leche, ule uji wetu mzito wa maziwa na sukari, imejaa tope kavu. "Sikukuletea samaki," alimwambia binti yake kabla hata ya kumbusu. "Nimekuletea uchafu uliouacha uani kwangu. Na sikukubali ufanye kazi hii, usije ukafikiri nimekubali."

Nibia alilimwagia tope lile maji, na wakatoka! Vijisamaki kama nukta zenye macho! Tuliwalisha, wakakua, wakapata mistari yao ya buluu. Lakini samaki hawa hawazeeki polepole. Baridi ilipoingia walikuwa wameshapinda migongo, na wakataga kwa mara ya mwisho. Nibia aliyachukua mayai hayo, nusu akayachoma sindano yenye dawa ya kumzuia Mama Mkwe asitengenezwe, nusu akayaacha. Kwa hiyo elewa: dimbwi lote la Castillos, na kiti cha Nibia hapa maabara, vilikuwa ndani ya sahani chache za kioo.

Maji ya sahani hizo yalitoka kwa binamu wa Darwin mwenye kisima huko Minas, maana ya bomba yalikuwa hayafai. Mwaka ule mto ulikauka, na Montevideo nzima tulifungua bomba likatoa maji ya chumvi. Kuoga sawa, kupika utavumilia, lakini mate! Mate ninayosema si ya kutema, ni majani yetu machungu yanayotiwa kwenye kibuyu, yakamwagiwa maji moto, yakanyonywa kwa mrija. Sisi bila mate hatuamki, hatusemi, hatugombani. Na mate ya maji ya chumvi ni kama kunyonya soksi. Watu wazima walinuna miezi.

Dumu la maji matamu lilikaa chini ya meza yetu. Nibia alilibandika utepe akaandika kwa herufi kubwa: YA WATOTO. Watoto ndio viinitete, sisi tuliwaita hivyo. "Watoto wameamkaje?" "Watoto leo wazito." Hakuna aliyefikiri kwamba utepe ule ungeweza kusomwa vingine.

Sindano zilikuwa zimeshapita na mayai yanagawanyika vizuri, Bi Ofelia alipokuja tena, kuangalia, kwa maneno yake, kama binti yake ameshakufa njaa. Sisi tulikuwa ofisini kwa Darwin. Tulipotoka tulimkuta mezani kwetu, kavaa koti lake la sufi, kibuyu mkononi, chupa ya maji moto kwapani.

"Kaeni watoto wangu, mnywe. Mmekonda wote. Hata wewe profesa."

Tukanywa. Jamani! Mate matamu, machungu kama yanavyotakiwa, hayana chumvi hata chembe! Darwin alifumba macho. Mimi nilisema, "Bi Ofelia, mikono yako hii ibusiwe," na wala sikuuliza kwa nini ni matamu. Mtu aliyekuwa na kiu hiyo haulizi. Kibuyu kikamfikia Nibia, akanyonya mara moja, akakirudisha. "Asante, mama."

Kwetu ukirudisha kibuyu na kusema asante, umesema basi, usinitilie tena. Ndiyo namna yetu, anayetaka kuendelea anarudisha kimya. Nibia kwa mama yake alisema asante kwenye kibuyu cha kwanza siku zote, maana cha pili kilikuja na mahubiri. Bi Ofelia alikipokea, akamtilia Darwin, akaanza kumuuliza kama hao samaki wana pensheni.

Kesho yake asubuhi Nibia aliwabadilishia watoto maji kutoka kwenye dumu, kama kawaida. Siku iliyofuata akainama kwenye hadubini na hakuinuka. Nikamsogeza, nikaangalia mwenyewe. Seli zilikuwa zimetawanyika kila moja mahali pake, na zimeganda. Sahani ya kwanza, zimeganda. Ya pili, zimeganda. Zote! Si yai hili na lile kama siku zote, bali yote, kana kwamba kuna mtu kapuliza filimbi.

"Ni maji," akasema Nibia. "Hakuna kingine nilichowagusa nacho." Tulisimama tukilitazama dumu lile. Na hapo mdomo wangu ukakumbuka kabla ya kichwa changu. Yale mate ya juzi. Utamu ule.

Bi Ofelia aliingia saa ile ile na milanesa, nyama zetu za kukaanga, kwenye mikate, kazifunga kwa taulo zisipoe.

"Bi Ofelia," nikamwambia taratibu, "juzi maji ya mate uliyachota wapi?"

"Kwenye dumu lenu hilo. Si mmeandika ya watoto?"

"Watoto gani, mama?"

"Nyinyi! Kwani humu kuna watoto wengine?" Akatutazama mmoja mmoja. "Na msinikodolee macho, sikuwaachia tupu. Mimi si mtu wa kuacha chombo cha watu kitupu. Nimelijaza mpaka juu."

"Umelijaza kwa maji gani?"

"Kwa ya bomba. Nilijaze kwa machozi?"

Loo! Nimeshamwona Nibia amekasirika, mimi mwenyewe nimemkasirisha mara nyingi kwa makusudi, lakini vile sijawahi. "Nilipokuwa mdogo ulinimwagia kopo," akasema. "Ikawa haitoshi. Umesafiri toka Castillos mpaka hapa uje unimwagie hata hawa. Hakuna wengine, mama! Dimbwi limekwisha! Hawa ndio walikuwa wa mwisho, na mimi nimekwisha pamoja nao. Furahi sasa. Nakuja kupima pumba."

Bi Ofelia aliweka milanesa mezani, akazikunjia taulo vizuri, akachukua mkoba wake, akatoka.

Nibia akazibeba sahani kwenda nazo kwenye sinki. "Hapana!" nikapiga kelele, nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akaumia. "Kama wamekufa, na kesho watakuwa wamekufa, hawaendi popote. Yaliyokufa yanakuwa na ukungu. Hebu angalia, haya ni maangavu! Yamesimama tu!"

"Niache, Kiria."

"Sikuachi. Nitakung'ata."

Tukavutana pale kama wendawazimu, yeye na sahani zake, mimi na mkono wake, mpaka mlango ukafunguka. Bi Ofelia huyo, koti limekaa upande, nywele zimefumuka, katika kila mkono dumu la maji ya kununua. Mwaka ule maji hayo yalikuwa hayaonekani. Rafu za maduka zilikuwa tupu. Sijui alizunguka wapi, sijui aligombana na nani, nilichojua ni kwamba anahema na vidole vyake vimekatwa na vishikio.

"Haya," akasema. "Waogeshe."

"Mama, nenda nyumbani."

"Hapana," akasema Bi Ofelia, akavuta kiti akakaa.

Nibia aliwabadilishia maji. Nadhani alifanya hivyo ili mama yake aondoke. Kwa siku zilizofuata walikaa chumba kimoja bila kusemeshana, na mimi nikawa posta. "Mwambie mama chumvi imekwisha." "Mwambie huyo chumvi anayo kwenye bomba." Nilichoka, lakini nilicheka pia.

Halafu asubuhi moja nilikuwa bado navua skafu, nikasikia Nibia ananiita. Hakuniita Kiria. Aliita "Walkiria!" jina zima, kama mtu anayezama. Nikakimbia. Nikainama.

Zilikuwa zinatembea! Seli zote, katika kila yai, zimeondoka pamoja! Kumbe chumvi ilikuwa imewasimamisha wote mahali pamoja, na maji matamu yakawaamsha wote kwa pamoja, na sasa walikwenda sawia, yai kwa yai, kama murga, kile kikundi cha waimbaji wa kanivali, inayoshuka barabarani kwa ngoma moja. Kitu alichokitafuta Nibia miaka yote, darasa zima limefika kwa wakati, hakuna aliye njiani! Nilimkumbatia, tukarukaruka, tukaangusha kiti. Darwin alitoka ofisini akifikiri moto umewaka, akachungulia, na profesa yule mpole akatamka neno ambalo mama yake hakumfundisha.

Zilikusanyika. Mwili ukaanza. Ulipofika umri alioutaka, Nibia aliwatia kwenye rangi. Ni rangi ya zambarau inayoshika pale tu seli zilipomsikia Mnene kwa sauti kubwa, na palipo kimya haishiki. Siku ya kuangalia, alinisukuma mbele. "Angalia wewe. Wewe ndiye adui, hutanidanganya."

Nikaangalia kwanza wale ambao hawakuchomwa sindano. Huku mgongo, mweupe safi. Ng'ambo yake kabisa, doa la zambarau, karibu jeusi, Mnene wangu anapaza sauti pale! Nikasema, sawa, sasa nione wasio na Mama Mkwe. Nilijiandaa kuona zambarau tupu, doa kubwa kuliko lile, sherehe. Nikasogeza sahani.

Mgongo hakuna, kama tulivyojua. Na doa? Nikatafuta. Nikazungusha yai. Rangi hafifu imesambaa mwili mzima, kama chai iliyoongezwa maji mara tatu, na pale ng'ambo, mahali pa Mnene, mahali pake pa enzi, hakuna kitu. Yupo kila mahali na sauti haipo popote. Nikaangalia la pili. La tatu. Sahani nyingine. Yote vile vile! Hakuna adui wa kumzuia, na hakuna aliyemfikisha!

"Nimeshindwa!" nikapiga kelele, na ninaapa sijawahi kufurahi hivyo hata Peñarol tukichukua ubingwa. "Nibia, nimeshindwa! Leteni fulana! Njooni mnione nilivyoshindwa!"

Nibia aliangalia kwa muda mrefu sana. Alipoinuka alikuwa analia na kucheka, kamasi zinamtoka, na hakujali. Darwin alizichukua picha za mayai zikiwa bado za moto kutoka kwenye mashine, akapanda ngazi kwenda juu, mbio. Alirudi akiwa hana pumzi, akainua kidole gumba kutoka mlangoni. Ikawa basi, hakuna pumba za kupima.

Na mvua ikashuka. Mniamini msiniamini, mchana ule ule, mvua ya haki, ya kupiga mabati na kujaza mitaro. Watu walitoka madukani wakasimama barabarani bila miavuli. Mvua ikinyesha kwetu hakuna mjadala, ni tortas fritas, maandazi yetu bapa ya siku ya mvua. Bi Ofelia alikuwa ameshateka jiko la maabara, unga mpaka kwenye nyusi, anakaanga na kututupia moja moja. Mimi nilikaa pale na fulana ya Nacional, inanibana tumbo, nikila na kutukanwa na kila aliyepita.

"Sasa nielezeni," akasema bibi huku anapangusa mikono. "Huyo mnayemwita Mama Mkwe. Kafanya nini mpaka mnapiga kelele hivi?"

Mimi nikauma andazi jingine. Nibia ndiye aliyejibu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama yake tangu siku ya dumu. "Kuna anayetaka kwenda mahali, mama. Na kuna mwingine anayemshika mkono kumzuia. Sisi tulifikiri anamzuia tu. Kumbe ndiye anayempeleka. Asiposhikwa, hafiki."

"Na yeye mwenyewe anayemshika, anapata nini?"

"Hapati kitu. Wakifika, anakatwa na mkasi."

Bi Ofelia alilitazama sufuria la mafuta. "Mjinga huyo," akasema.

Akachukua kibuyu, akatia maji moto, yale ya dumu la kununua yaliyobaki, akampa binti yake. Nibia alinyonya mpaka mrija ukaguna. Nikamwona amefungua mdomo, na neno lilikuwa limeshafika kwenye midomo yake, nililiona mimi, kubwa, la miaka yote ile, tangu kopo na sanduku na ndoo ya tope. Halafu akakumbuka ameshika nini mkononi. Akalimeza lile neno.

Akakirudisha kibuyu. "Nitilie tena, mama."

"Hapana, maji yamepoa," akasema Bi Ofelia, akatia.